Breki ya Daktari wa Ng'ombe

Kabla hujaandika lolote, elewa kwanza kwamba kutoa hewa kwenye breki ya mafuta ilikuwa kazi ya watu wawili. Usiandike kwamba nilikuwa nikimsaidia babu yako. Mtu husaidiwa kufagia au kubeba maji. Katika kazi hii mimi nilikuwa nusu yake, na nusu hiyo niliilinda kwa wivu ambao sasa nitaueleza bila kuupamba, kwa kuwa wanaostahili kuuonea haya wamebaki mmoja tu, nami ndiye.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Tulikuwa tumepanga chumba Majengo, mjini Nyeri, na nyuma ya chumba hicho babu yako alikuwa amejenga kibanda cha mabati alichokiita gereji. Alianza na baiskeli, kisha zikaja pikipiki za breki za waya, ambazo fundi yeyote aliweza kuzikaza. Baadaye kahawa ikalipa vizuri, maofisa wakaongezeka, na pikipiki kubwa za aina mpya zikaanza kuonekana, zenye sahani ya chuma kwenye gurudumu la mbele na breki inayosukumwa na mafuta. Mafundi wengi mjini waliziogopa. Babu yako hakuziogopa, kwa sababu ujanani alifanya kazi katika gereji ya Mzungu mmoja huko Nanyuki, na breki za malori alizijua. Alisema ni kitu kilekile, ila kimepungua ukubwa.

Nitakueleza ilivyo, maana wewe umesoma vitabu lakini hili hujalisoma. Juu ya usukani pana kikopo kidogo cha mafuta, na chini yake kishikio kinachominywa kwa vidole. Ukikiminya, mafuta yanashuka ndani ya mpira mwembamba mpaka kwenye gurudumu na kuibana ile sahani. Mafuta hayakubali kubanwa, kwa hiyo nguvu ya vidole hufika chini ikiwa nzima. Hewa inakubali. Ikiingia hata kidogo, kishikio huwa laini kama ndizi iliyoiva, nawe utaminya mpaka vidole viguse usukani na pikipiki isisimame.

Ili kuitoa, mtu mmoja huchuchumaa kwenye gurudumu akiwa na spana, na mwingine husimama kwenye kishikio. Babu yako alikuwa na kipande cha mpira wa dripu alichopewa na mtu wa hospitali, mwembamba, unaoonyesha ndani. Aliuchomeka kwenye nati ndogo ya kutolea hewa, na ncha yake nyingine akaizamisha katika chupa ya jamu yenye mafuta kidogo. Kisha tulianza kuitana.

"Minya."

"Nimeminya."

"Shika."

"Nimeshika."

Hapo alifungua nati robo mzunguko, viputo vikakimbia ndani ya ule mpira, na kishikio kikazama mkononi mwangu mpaka mwisho. Nilisema, "Kimelala." Alifunga nati ndipo akasema, "Achia." Mtu akiachia kabla nati haijafungwa, breki huvuta hewa tena na kazi yote huanza upya. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mara kumi, mara ishirini, mpaka kishikio kikakataa kuzama, nami nikasema, "Kimesimama."

Alikuwa amejaribu kwanza na wanaume. Walipampu kama watu wanaojaza upepo kwenye gurudumu la baiskeli, au waliachia mapema kwa kuwa rafiki amewaita barabarani. Siku aliyoniita mimi nilikuwa na uji motoni.

"Njoo ushike hapa," alisema. "Usiachie mpaka nikwambie."

"Na uji ukiungua?"

"Uungue."

Uji uliungua, watoto wakala viazi baridi, na mimi sikuachia. Tangu siku hiyo sikumwona mtu mwingine akisimama mahali pale.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu jambo lote limo humu. Mafundi wengine, kazi ikiisha, huinuka na kuminya kishikio kwa mkono wao wenyewe ili wathibitishe. Babu yako hakufanya hivyo. Niliposema kimesimama, alikaza nati, akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa na kumwita mwenye pikipiki. Wengine walishangaa. "Fundi, hujaribu?" waliuliza. Naye alijibu neno moja tu, "Imeshajaribiwa." Wanaume wa wakati ule hawakuwaambia wake zao maneno matamu, na mimi sikuyatamani. Nilikuwa na neno lile. Nililisikia nikiwa nimesimama na harufu ya mafuta kwenye vidole, na nilijua kwamba maisha ya mtu yataning'inia kwenye kauli yangu katika kila mteremko kati ya hapa na Karatina.

Mwaka mmoja mama yake babu yako aliugua msimu wa kuchuma kahawa, nami nikaenda kwao, upande wa Mathira, nikakaa karibu miezi miwili. Nilichuma, nikampikia mgonjwa, na alipopata nafuu nikarudi. Nilifika Majengo mchana, kiondo cha ndizi mgongoni na ukanda wake kwenye paji la uso. Nilipokaribia kibanda nilisikia sauti ya babu yako.

"Shika."

Na sauti ya mwanamke ikajibu, "Nimeshika, fundi."

Nilisimama. Hayo yalikuwa maneno yangu, ila mwanamke huyo alikuwa ameongeza "fundi" mwishoni, kama mtu anayetia sukari kwenye chai isiyo yake.

Ng'ambo ya njia alikaa fundi cherehani, mzee wa kofia, aliyeshona na kusema kwa wakati mmoja. "Karibu nyumbani, shemeji," alisema bila kuinua macho. "Mahali pako pamewekwa joto, usihofu."

Nilimjua yule mwanamke kwa sura. Alikuwa mjane wa kutoka Wang'uru, muuza mchele, na alikuwa amepanga chumba cha jirani muda mfupi kabla sijaondoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kishikio, na wa kushoto ulikuwa na mwiko. Kila babu yako alipofungua nati, aligongagonga ule mpira wa breki kwa mpini wa mwiko, taratibu, kuanzia chini akipanda. Viputo vilivyokuwa vimejishikiza ndani viliachia na kupanda mpaka kwenye kikopo, na kupasuka huko juu. Baadaye nilielewa alikolitoa jambo hilo. Wauza mchele hugonga debe wanapopima ili punje zishuke na hewa itoke. Aliitazama breki akaona debe. Mimi nilikuwa nimeishika miaka mitatu, na sikuwa nimeona chochote ila breki.

"Kimesimama," alisema.

Nilimtazama babu yako. Alikaza nati. Akainuka. Akafuta mikono. Kisha akamwita mwenye pikipiki, mkaguzi mmoja wa kahawa aliyekuwa akingoja kivulini, akampa ufunguo, na kishikio hakukigusa.

Kama angemshika mkono yule mwanamke mbele yangu, nisingeumia kiasi kile.

Babu yako aliniona na kuniuliza habari za mama yake. Nikajibu kwamba anatembea. Yule mwanamke alipangusa mwiko kwa pindo la leso na kunisalimu kwa adabu.

"Dada, pole na safari. Nilikushikia nafasi tu."

"Nafasi yangu haikuwa wazi," nikamwambia.

"Ilikuwa wazi, dada. Fundi alikuwa akiuita ukuta uje ushike."

Fundi cherehani alicheka mpaka akakata uzi vibaya.

Majuma yaliyofuata sikuishi vizuri. Sikumshuku babu yako kwa yale ambayo watu wa Majengo walipenda kushuku. Niliwachunguza, sikatai, nilikaa mlangoni na nduma zangu za kuuza, nikasikiliza kila neno lililopita ukutani, na sikuwahi kusikia lisilofaa. Lakini wivu wangu haukuhitaji jambo la aina hiyo. Ulitosheka na mwiko. Babu yako alikuwa akiniita mimi kama zamani, lakini breki ikikawia kusimama, alisema, "Mwite yule agonge kidogo." Yule aliitwa, akagonga, breki ikasimama. Siku moja niliuficha mwiko wake chini ya gunia langu, akaja na mwingine. Siku nyingine niligonga mimi mwenyewe, kwa kijiko, nikagonga kwa haraka na bila mpango, na babu yako akasema, "Acha, unanitetemeshea spana." Mara moja nilimsikia akimwambia mteja kwamba mama wa mchele ana mkono mtulivu. Nilitazama mikono yangu jioni hiyo. Ilikuwa na makovu ya matawi ya kahawa, kahawa ya mama yake.

Yule mwanamke hakunikosea. Hilo pia liandike. Alituletea mchele wa pishori, nikaupika kwa kuwa chakula hakitupwi, na watoto wakausifu, na mama yako akiwa mmoja wao. Niliwaamuru wale kimya.

Daktari wa ng'ombe alikuja katika mvua za masika. Hakuwa daktari wa digrii. Alikuwa mtu wa wilaya aliyepandisha ng'ombe na kuwazalisha, lakini sote tulimwita daktari. Pikipiki yake ilikuwa mojawapo ya zile kubwa. Alifika asubuhi akiisukuma.

"Fundi, ya mbele imekufa," alisema. "Na mimi niko na ng'ombe ng'ambo ya mto, ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Nifanyie haraka."

Babu yako alikagua. Mpira wa breki ulikuwa umepasuka kwenye kiungo, akaubadilisha na mwingine aliokuwa nao. Aliangalia pia breki ya nyuma na kutikisa kichwa. "Ya nyuma imebaki jina tu," alisema. "Leo utashuka na ya mbele peke yake. Ukirudi tutaifungua." Daktari alikubali, akavuka njia kwenda kunywa chai barazani kwa fundi cherehani. Kwa hiyo nilijua. Sitasema kwamba sikujua. Kutoka Majengo kwenda upande ule kuna mteremko mrefu mpaka darajani, na siku hiyo ulikuwa tope tupu.

"Mwite mama wa mchele," babu yako aliniambia.

"Mimi niko hapa."

Alinitazama kidogo. "Haya. Shika."

Mpira mpya hujaa hewa tupu, na hewa nyingi hutaka subira. Mimi sikuwa nayo. Nilitaka breki ile isimame kabla ya mlango wa jirani kufunguka. Nilipampu kwa nguvu na kwa kasi, kama wale wanaume wa mwanzo niliokuwa nikiwadharau.

"Polepole, mama watoto."

"Naenda polepole."

"Huendi."

Nilichungulia ndani ya kikopo na kuona mafuta yamekuwa meupe, yamejaa povu dogodogo kama maji ya kufulia. Viputo vikubwa hutoka. Vikisagwa na kuwa povu havitoki mpaka vipumzike. Tulirudia na kurudia. Kila mara kishikio kililala. Mkono uliniuma mpaka kwenye kwapa. Babu yako alikuwa amelowa magoti kwa tope, na upande wa pili wa njia daktari alikuwa amesimama na kikombe, akitazama mawingu.

"Tuache itulie kidogo," babu yako alisema kutoka chini. Kisha akaongeza, kama mtu anayeomba kitu kidogo tu, "Halafu umwite yule agonge."

Nikasema, "Kimesimama."

Neno lilitoka likiwa na sauti ileile ya siku zote. Kishikio kilikuwa laini mkononi mwangu nilipolisema. Nilitumaini, nakwambia kweli, kwamba angetilia shaka. Alikaza nati. Akainuka. Akafuta mikono. Akafunika kikopo na kumwita daktari.

"Tayari? Umejaribu?" daktari aliuliza.

"Imeshajaribiwa."

Daktari alivaa kofia yake ngumu, akafunga mkoba wa vifaa kwenye kibebeo, akapanda na kupiga teke la kuwasha. Injini haikuwaka mara ya kwanza. Iliwaka mara ya pili. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilikuwa nimeshapata kile nilichokuwa nikikitamani tangu nirudi kutoka Mathira: kazi ilikuwa imeisha bila mwanamke yule, na neno langu lilikuwa limeaminiwa. Nilingoja nifurahi. Niliona tu viatu vya mvua vya yule mtu, na tope la mteremko lililokauka juu yake tangu jana.

Nilikwenda, nikazungusha ufunguo na kuuchomoa. Injini ikazima.

"Mama, nini tena?" daktari aliuliza. "Ng'ombe atakufa."

"Afe ng'ombe."

Babu yako alikuja. "Kuna nini?"

"Hakijasimama," nilisema.

Alinyoosha mkono na kukiminya kishikio. Kililala mpaka kwenye usukani bila kutoa upinzani wowote. Akakiachia, akakiminya tena. Nilimngojea aniseme mbele ya watu, na ningeshukuru kama angenisema. Alisema, "Mwite."

Nilikwenda mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa amekaa sakafuni akichagua mchele kwenye ungo.

"Fundi anakuita."

"Na wewe, dada?"

"Mimi nimetumwa nikuite."

Aliweka ungo kando kwa uangalifu ili punje zisimwagike, akachukua mwiko. Mbele ya kibanda babu yako alikuwa ameshamwaga mafuta yale yenye povu na kutia mengine. Alimwelekeza yule mwanamke kwenye kishikio. Kisha akaniangalia.

"Wewe gonga."

Nikapewa mwiko. Niligonga ule mpira kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama nilivyomwona akigonga, huku wao wakiitana maneno yangu juu ya kichwa changu. Minya. Nimeminya, fundi. Shika. Nimeshika, fundi. Viputo vikubwa vilipanda kwenye kikopo, kimoja kimoja, na kupasuka. Haikuchukua muda mrefu. Ukweli ni kwamba sisi watatu tulifanya kazi nzuri kuliko wawili wowote miongoni mwetu, na nilichukia kulijua hilo.

"Kimesimama," yule mwanamke alisema.

Babu yako alikaza nati. Akainuka. Akafuta mikono, kidole kwa kidole. Kisha akanyoosha mkono juu ya mkono wa yule mwanamke, akangoja auondoe, akakiminya kishikio mwenyewe. Mara moja, na mara ya pili. Kilikuwa kigumu kama jiwe.

Yule mwanamke alishangaa. "Fundi, huniamini?"

"Ni kazi," alijibu.

"Siku zote hukuwa ukijaribu."

"Nitakuwa nikijaribu."

Sasa andika hili kama ninavyolisema, wala usilipunguze makali. Nilipomwona akiujaribu mkono wa yule mwanamke, moyo wangu ulifurahi. Aibu yangu ilikuwa bado mbichi, daktari alikuwa bado hajaniangalia usoni, na ng'ombe wa watu alikuwa akiteseka ng'ambo ya mto kwa ajili yangu; hata hivyo nilifurahi, kwa sababu kitu alichokipata mwanamke huyo nilipokuwa mbali kilikuwa kimeondolewa mbele ya macho yangu. Sikutaka arudishiwe. Nilitaka tukikose pamoja.

Daktari alirudi siku mbili baadaye kutengenezewa ya nyuma. Alituambia ng'ombe alipona, ndama alikuwa amekwisha kufa alipofika. Hakusema kwamba angefika mapema angemwokoa. Babu yako alimwuliza kama ng'ombe anatoa maziwa, akasema anatoa, na wakaendelea na mambo ya breki.

Yule mwanamke aliendelea kuitwa mara chache, kisha akasema mchele unamchukua muda wote. Ulipofika msimu wa mavuno huko Mwea alihama, akaenda kukaa na dada yake Wang'uru. Aliniachia mwiko mlangoni, bila neno. Niliutumia kusongea ugali.

Mahali pangu palikuwa pangu tena. Nilikishika kishikio kile miaka mingine mingi, mpaka mjomba wako alipokua na kushika spana, na sikuwahi tena kusema uongo. Babu yako hakunikumbusha siku ile, si kwa hasira wala kwa mzaha. Niliposema kimesimama, alikaza nati, akainuka, akafuta mikono, na akaja upande wangu, kwenye kishikio. Nami nilijifunza kurudi nyuma hatua moja, nikampisha.